Mwali Ndani ya Miwani

Jumatano, 18 Septemba 2024

Zimefika! Miwani sita za VR, zile za kuingia mchezoni kwa macho, kwenye sanduku moja jeusi, zimetoka Kibiti mjini juu ya bodaboda, zimefungwa kwa mpira kama kuku wa mnadani. Nilitaka kumzaba kofi yule wa boda. Hakuna iliyovunjika, alhamdulillah.

Watu wa mradi unaotupa miwani hizi walikaa nasi asubuhi tu, kisha wakakimbilia Nyamisati kuwahi boti ya kisiwa cha Mafia. Wametuachia na boksi dogo la Wi-Fi linaloziunganisha miwani zote bila intaneti. Na sharti: zisitoke nje ya shule. Mkuu wetu, Mwalimu Abdulatifu, aliitikia kwa kichwa kila neno. Angeitikia hata wangemwambia azivae kulalia.

Maabara yetu ina kuta, madirisha na popo. Basi. Moyo wa binadamu nimeufundisha ubaoni kwa chaki miaka yote, na Kidato cha Pili wanauchora unatoka embe. Leo wameingia ndani ya moyo wenyewe! Mchezo uko hivi: wewe ni chembe nyekundu ya damu. Unabeba oksijeni kutoka mapafuni, unapita moyoni, unachagua mshipa, unafikisha mzigo mguuni. Ukikosea njia, vali inakufungia na unaanza mwanzo.

Twalha, mlala benchi la nyuma, alivaa, akapiga yowe, akakumbatia nguzo ya darasa. Tumecheka mpaka machozi. Salima hakupiga kelele. Alisimama, mikono mbele, akafika mguuni kwa jaribio la kwanza. Alipovua akaniuliza: mbona damu ya kurudi haina haraka? Swali hilo! Sijawahi kuulizwa na mwanafunzi hapa.

Mtihani wa taifa wa Kidato cha Pili ni mwisho wa Oktoba. Anayeanguka anatakiwa kurudia darasa. Ila huku kwetu msichana wa kurudia harudii, anaolewa. Salima anataka kuwa nesi, kama wale anaowaona hospitali ya Mchukwi. Atakuwa. Mimi nimeshaamua.

Ijumaa, 20 Septemba

Watoto wamezipa miwani jina. Wanaita dungu! Kama lile dungu la shambani wanalopanda kulinda mpunga — ukiwa juu unaona mpaka kwa watu. "Mwalimu, zamu yangu kupanda dungu." Limekaa vizuri, nami nimelichukua.

Sola ya ofisini inachaji mbili kwa wakati mmoja. Mkuu anataka na simu yake ichajiwe hapo hapo. Tumegombana kidogo, kwa adabu.

Nimewapa jaribio. Majibu yamenitoa jasho! Kwenye mchezo wanapita kama wamezaliwa humo, kwenye karatasi wanaandika "damu inaingia kulia halafu inasukumwa". Inasukumwa na nini? Kumbe wanajua kwa mikono, si kwa maneno, na mtihani unataka maneno, tena ya Kiingereza. Sheria mpya: ukishuka dunguni unaandika mistari mitano ya ulichokiona, ndipo mwenzako anapanda. Wamenung'unika. Wanung'unike tu.

Jumatatu, 23 Septemba

Salima hakuja. Faraja, jirani yake wa dawati, akaja kuninong'oneza mbali na wavulana: amevunja ungo Jumamosi. Amewekwa ndani.

Nyumba ya bibi yake Salima inapakana na shule. Ukuta wake wa nyuma na ukuta wa Kidato cha Pili zimetenganishwa na kichochoro cha kuku tu. Nikaenda saa ya mapumziko. Bi Mwanamkuu alikuwa ukumbini anapepeta mchele. Ndiye bibi, ndiye somo, kungwi wa mwali, na ndiye aliyewacheza unyago nusu ya wanawake wa kijiji hiki. Nilipiga hodi, nikaamkia, nikakaribishwa mkekani vizuri kabisa.

Nikasema nimekuja kumwona Salima. Akasema hakuna Salima, kuna mwali. Basi nimwone mwali. Akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Mwalimu Hajira, weye nani alikucheza?"

Hakuna aliyenicheza. Baba alikuwa askari polisi, tumekulia kambini, leo Shinyanga, kesho Mbeya. Damu yangu ni ya hapa Kibiti lakini unyago nimeusikia redioni. Nikamwambia kweli.

"Basi mlango wa mwali si wako, mwanangu. Asiyechezwa haingii."

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo mtu anavyokwambia kuwa choo kina mtu. Na atatoka lini? Mpaka shangazi zake wa Mafia waje, ngoma ipigwe. Katikati ya Novemba, inshallah.

Novemba! Mtihani utakuwa umeshapita na wino umekauka.

Jumanne, 24 Septemba

Nimekasirika siku nzima. Nimemwendea Mkuu. Anasema mambo ya mwali yana wenyewe, Madam, usituchonganishe na wazazi. Nimempigia mama yake Salima, Zuena, anauza samaki wa kukaanga pale Nyamisati. Naye anataka mwanawe asome, alisema hivyo mara mbili. Lakini kwa mama mkwe haongei. Baba yake Salima yuko baharini.

Kwa hiyo nimebaki mimi. Sawa.

Alhamisi, 26 Septemba

Nimerudi kwa Bi Mwanamkuu na miwani moja ndani ya kapu la ukindu. Sharti la mradi nalijua. Ila kichochoro cha kuku nacho nimekihesabu ni eneo la shule, na Mkuu hakuniuliza kapuni mna nini.

Nilimweleza yote. Kwamba mtoto akivaa haendi popote. Anakaa pale pale mkekani, na moyo unamfuata humo humo. Akasikiliza huku anachambua mchele wa pishori. Akauliza maswali ya hakimu! Akivaa, watu wa humo wanamwona? Nikasema humo hamna watu, kuna damu. Jua linaingia? Haliingii. Anaweza kutoka na kwenda nayo njiani? Hawezi, ataanguka.

Halafu akatoa hukumu: mwali anafungwa mwili. Macho hayafungwi, hata usingizini anaona ndoto na hakuna anayemwambia katoka. Kwa hiyo avae. Ila mambo mawili — asionekane na mwanamume, wala asisikike na mwanamume. Mojawapo likivunjika, basi.

Nimekubali kabla hajamaliza. Nimefurahi mno, nimekanyaga kuku nikitoka!

Jumamosi, 28 Septemba

Kufundisha kupitia pazia. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hii.

Mimi ukumbini, wao ndani. Siruhusiwi kuona. Bi Mwanamkuu ndiye mikono yangu.

— Bibi, kuna kitufe pembeni, bonyeza mpaka taa iwake.
— Taa ya rangi gani?
— Nyeupe.
— Imewaka nyekundu.
— Hiyo ni chaji, Bibi.
— Sasa si ungesema!

Alimvalisha mwali juu chini. Alimpa rimoti ya kulia mkono wa kushoto. Nilikaa pale nashika kichwa. Mwishowe nikasikia pumzi ya Salima, ile pumzi ya mtu anayepanda dunguni mara ya kwanza kwa siku. Yuko ndani ya moyo! Nilitamani kuchungulia kama mtoto mdogo. Sikuchungulia.

Jumatano, 2 Oktoba

Bi Mwanamkuu sasa anawasha miwani haraka kuliko Mkuu. Mkuu bado ananiita nikamtafutie kitufe.

Kila siku saa ya chakula napeleka, kila jioni nachukua, na pamoja na miwani inatoka karatasi. Mistari mitano ya Salima! Ila hatoi mitano, anajaza kurasa. Anachora vali na kuandika majina yake bila kosa. Juzi ameandika swali: mbona mchezo hauonyeshi damu ya mtu aliyepungukiwa damu, kama mama alivyokuwa alipojifungua? Nimewaandikia watu wa mradi.

Leo nimemwambia Bibi naye ajaribu, apande kidogo tu aone. Akakataa katakata. "Mie nikishaziba macho, mwali anaangaliwa na nani?" Kazi yake anaijua.

Darasani mambo si mabaya. Twalha, yule wa kukumbatia nguzo, sasa ndiye bingwa wa wavulana. Ameandika mistari mitano ya Kiingereza, yote imepinda, yote ni kweli. Nimeisoma mbele ya darasa. Alijificha chini ya meza kwa aibu na furaha.

Jumatatu, 7 Oktoba

Kuna leveli ya mwisho ambayo mtu mmoja hawezi kuicheza. Inataka chembe sita zisaidiane: hawa wafungue, hawa wabebe, hawa wapigane na vijidudu kwenye kidonda. Ndiyo yenye muhtasari wa mada yote. Wanafunzi wakiipita wanajibu maswali ya mada nzima bila kushika daftari, nimeshaona kwa Faraja na wenzake.

Salima peke yake hajaicheza.

Nimejaribu boksi la Wi-Fi dirishani. Linavuka kichochoro! Nimesimama nyuma ya ukuta wa Bibi na miwani mkononi, nimepata mawasiliano yote. Kesho nitawaweka watano darasani na yeye ndani, bila jina, chembe tu kama chembe nyingine. Haonekani. Nimemweleza Bibi, akarudia: asionekane, asisikike. Nikasema Bibi, hilo niachie mimi.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimeharibu.

Niandike ilivyokuwa, pengine nitapumua.

Kipindi cha tatu. Wavulana watatu na wasichana wawili wamevaa, darasa limewazunguka. Nimeunganisha na spika kubwa ya shule ili waliokaa wasikie vali zikifunga. Salima upande wa pili wa ukuta, Bibi amemvalisha. Kwenye skrini ya kishikwambi changu naona chembe sita. Wanauliza wa sita ni nani. Nikasema ni kompyuta. Nilijiona mjanja!

Kompyuta ikawashinda wote. Inafungua vali kabla hawajafika, inarudi kumsubiri aliyechelewa, inamwonyesha njia kwa mkono. Darasa linapiga meza. Halafu Twalha akaingia mshipa wa ini, anazunguka humo kama nzi chupani, mzigo wa oksijeni unamwishia. Na spika ikasema, kwa sauti ya wazi kabisa:

"Twalha weye, huko siko! Rudi kushoto!"

Maiki! Akicheza peke yake maiki imelala. Mkiwa wengi zote zinaamka zenyewe. Kwa hawa watano sikuwahi kujali, wanapiga kelele tangu mwanzo. Na ya Salima, ningekuwa pale ukumbini ningemuuliza Bibi kama taa yake imewaka. Sikuwepo. Nilikuwa upande huu nashangilia.

Kisha Faraja akaruka: "Salima!" Na wasichana wote, Mungu wangu, wasichana wote wakapiga vigelegele. Wavulana wakadaka kwa meza: mwali katoka! Mwali katoka! Sauti ilikwenda mpaka barabarani. Nilizima spika, nikazima boksi, nikapiga fimbo ubaoni mpaka ikakatika. Huko kichochoroni mama mmoja mpita njia, asiyejua lolote, naye akaitikia kwa kigelegele.

Bi Mwanamkuu hakuja kunigombeza. Alisimama dirishani kwa nje, akanitazama, akaondoka. Afadhali angenigombeza.

Jumatano, 9 Oktoba

Miwani imerudishwa. Imefutwa vizuri, imefungwa kwenye kitambaa cheupe. Na maneno ya Bibi: mwali hushangiliwa mara moja, siku ya kutolewa. Huyu kashangiliwa hajaogeshwa, hana nguo mpya, mama hayupo, shangazi hawapo. Na sauti yake imeingia darasa zima la wanaume. Huko si kutoka, huko ni kumwagwa. Anaanza upya. Ngoma itapigwa Desemba.

Niliomba, nikaomba. Akasema, mwalimu, ulisema nikuachie weye.

Nililisema kweli, kwa mdomo wangu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimelia jana, leo sitaki tena. Kulia hakumwingizi mtu chumba cha mtihani.

Baada ya swala ya Ijumaa, wanawake walipotawanyika, nilikwenda kuomba radhi kwa taratibu: doti ya kanga, kuku, na kukaa chini kabisa, si mkekani. Alipokea. Nikamuuliza, Bibi, mwali akiugua ndani mnafanyaje? Akasema anapelekwa Mchukwi hospitali, amegubikwa kanga kichwani mpaka miguuni, somo wake mbele, anatibiwa, anarudi. Na hapo hajatoka? Hajatoka, ile ni dharura.

Nikasema Bibi, mtihani nao ni siku zake tu, ukipita hauji tena mpaka mwakani. Apelekwe kama mgonjwa. Amegubikwa. Kwenye chumba chake peke yake, asimamiwe na mwanamke. Anaandika, harudishi neno kwa mtu, anarudi ndani.

Alicheka! Kidogo, puani. Akasema huna haya weye.

Akasema iko njia, ila aibu ile ilifanywa na watu wawili, na mmoja tu ndiye anayeilipa. Aliyemsababishia mwali kuanza upya, aanze naye. Akae ndani naye. Achezwe. Wali wawili wa kosa moja hufunikwa kanga moja. Hapo yeye Mwanamkuu atakuwa na uso wa kuwaambia shangazi wa Mafia kwamba jambo limetengenezwa, na mwali wake ameruhusiwa dharura.

Mimi! Nina miaka thelathini na mmoja, nina digrii, nina marejesho ya mkopo!

Nikamwambia nipe mpaka kesho.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimekubali.

Nimempigia Mama. Akasema yeye na Baba waliona wametuokoa na mambo hayo. Nikasema najua, Mama, siendi kwa kuwakataa. Akauliza kama kuna kitanda. Sijui.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mkuu nilimwomba Jumanne ruhusa ya wiki moja kabla ya mtihani. Ya nini, Madam? Ya kuwa mwali, Mwalimu. Alikohoa mpaka akatoka nje. Aliporudi akatia saini bila kunitazama, na tangu hapo akiniona anashika njia ya jikoni. Ila amefanya jambo la kiume: amekwenda mwenyewe Kibiti kuomba chumba cha pekee na msimamizi mwanamke. Wamekubali. Stoo ya vitabu itafagiwa iwe chumba hicho.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimewaachia darasa lao. Faraja ndiye mkubwa wa miwani, Twalha mkubwa wa chaji. Nimewapa ratiba ya nani anapanda dungu lini, na mistari mitano ni pale pale. Nimewaambia nina safari fupi. Wote wanajua ninakokwenda. Wavulana wanakaza midomo wasicheke.

Jumatatu, 21 Oktoba

Niko ndani. Kitanda hakuna.

Jumanne, 22 Oktoba

Yanayofundishwa humu hayaandikwi. Basi siandiki.

Naandika tu kwamba mimi niliyezoea kushika chaki, kutwa nakaa chini, kichwa nimeinamisha, siongei mpaka niruhusiwe. Bi Mwanamkuu anafundisha vizuri mno. Anauliza, anasubiri, anarudia kwa njia nyingine. Wivu wa mwalimu umenishika kabisa.

Alhamisi, 24 Oktoba

Miwani imeruhusiwa tena, kila siku mchana. Maiki nimeizima mwenyewe, kwa macho yangu. Bibi hakuridhika, akaiziba na nta ya nyuki, akaifunga juu kwa kitambaa. Sikubishana.

Ile leveli ya chembe sita haichezeki tukiwa wawili, kwa hiyo tumeitengeneza sisi. Salima amevaa, mimi najifanya chembe nyingine tano. Namgusa begani, nimekuletea mzigo, unanipeleka wapi? Ananong'ona njia yote kwa Kiingereza: left ventricle, aorta, femoral artery, mpaka pajani. Nikimpa njia ya uongo ananipiga kofi la mkono. Tumeipita leveli yote bila mchezo wenyewe. Akivua tunaandika sakafuni kwa mkaa, Bibi anafuta.

Kupitia ukutani tunasikia darasa. Faraja anawafokea kwa sauti yangu! Salima alicheka kimya, mabega yanatikisika.

Jioni nilimuuliza anaonaje haya yote. Akasema huku ndani si kubaya, Bibi anamweleza mambo ambayo asingemuuliza mtu. Na mtihani anautaka. Vyote viwili anavitaka. "Ila mwalimu, mmekaa mkijadiliana, Bibi na wewe, na mama, na Mkuu. Mie hajaniuliza mtu. Wewe ndio wa kwanza, na umeuliza leo."

Nimejilaza nikimfikiria.

Jumapili, 27 Oktoba

Kesho karatasi ya kwanza. Bibi amempaka mwali mafuta, amemnong'oneza dua. Tutakwenda watatu: Bibi mbele, sisi wawili nyuma chini ya kanga moja. Nitakaa naye mpaka msimamizi aje, kisha nitarudi kichochoroni nimefunikwa. Nami ni mwali sasa. Mwanamume asinione wala asinisikie, hata Mkuu. Nikisikika tunaanza upya wote wawili, kosa letu ni moja.

Salima amelala mapema. Mimi siwezi. Narudia kumpanga kichwani: Biolojia anaimudu, Fizikia anaimudu, Hisabati inshallah. Atakaa. Ataandika.

Jumatatu, 28 Oktoba

Naandika magotini, chini ya kanga, kwa kalamu ya akiba ya Salima. Tumekaa benchi la nje ya stoo. Nisipoandika nitapasuka.

Msimamizi mwanamke ameumwa ghafla, yuko Kibiti. Wamemleta mwanamume! Naona viatu vyake chini ya pindo — vyeusi, vimepigwa rangi, vina mchanga. Sauti ya kijana, mpole. Anasema hana tatizo na chumba cha pekee, barua ameiona. Ila lazima aone uso, alinganishe na picha. Hawezi kumpa karatasi mtu asiyemjua. Ana haki. Ningekuwa mimi ningesema vivyo hivyo!

Bi Mwanamkuu anasema mwali hafunuliwi.

Mkuu anasema kuna mwalimu anayemfahamu mtoto huyu, aje amtambulishe, pengine itatosha. Aitwe Madam Hajira. Madam Hajira yuko wapi?

Bibi anasema yupo.

Yupo wapi?

Yupo.

Mkuu kaelewa, maana ameanza kukohoa.

Kengele imelia. Madarasani wanagawa karatasi, nasikia viti. Akichelewa nusu saa haingii tena. Neno moja tu kutoka kwangu! Ni yeye, namfahamu, ni Salima. Midomo ninayo. Nikisema, nimemtoa mwenyewe kwa mara ya pili, na Bibi hatakuwa na uso kwa mtu yeyote, baada ya yote aliyonipa. Nisiposema, saa inakwenda. Nimeubana mdomo kwa mkono wa kushoto. Msimamizi anasema mama, nakuomba, muda. Bibi anasema mwanangu, nami nakuomba.

Salima ananigusa goti. Nadhani anataka kalamu. Hataki kalamu. Anakunja mikono ya shati lake la shule, taratibu, mmoja, mwingine. Nikamshika. Ameutoa mkono wangu, kwa adabu, akaurudisha magotini kwangu.

Amesimama.

Kanga yote imebaki kwangu. Siwaoni. Mkuu hakohoi tena. Bi Mwanamkuu amevuta pumzi ndefu na bado hajaitoa. Miguu ya Salima naiona, mitupu, imetulia mbele ya vile viatu. Anasema jina lake. Jina lote, la baba na la babu, kwa sauti ya darasani.

Kuna kiti kinaburutwa ndani ya stoo. Sijui ni cha nani —